Miezi Ishirini ya Dawa

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike habari za maisha yangu tangu nilipotoka shuleni, kama walivyofanya wenzangu katika matoleo yaliyopita. Nimezisoma habari zao kwa furaha. Mmoja amekuwa mwanasheria, mwingine amenunua mashine ya kusaga mahindi, na mwingine alikwenda Ulaya akarudi na mke. Habari yangu mimi si ya namna hiyo. Ni habari ya ugonjwa wa kifua, nami nilikataa mara mbili kuiandika. Alipoomba mara ya tatu nikamkumbuka mtu mmoja aliyekufa, na jinsi nilivyonyamaza siku niliyopaswa kusema. Basi nikachukua kalamu.

Waliokuwa nami shuleni watanikumbuka kwa jina la Kengele. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa kiranja wa kengele, na kengele yetu, kama mjuavyo, si kengele bali ni rimu ya lori iliyotundikwa mtini karibu na jiko. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri, nikashika chuma changu, nikaipiga mpaka mabweni yote yakanitukana. Naupenda sana mlio ule. Ulikuwa na sauti mbili: kwanza kishindo, kisha mlio mwembamba uliozunguka hewani hata baada ya mkono wangu kushuka. Nitaurudia mlio huu mbele.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2009, nikaenda chuo cha ualimu, na mwaka 2012 nikapata kazi katika shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu itokayo Malaba kwenda Kampala. Mwezi wa Machi 2013 nikaanza kukohoa. Nilidhani ni vumbi la chaki. Baada ya wiki tano, jasho la usiku likanitoa kitandani, nikaenda kupimwa makohozi, nikaambiwa nina kifua kikuu. Mganga akanieleza vizuri kabisa: dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne, zote bure, na asiachwe hata siku moja mtu wa kuniangalia nikimeza.

Nilipokwenda nyumbani likizoni nikakuta mama amefunga uzi mwekundu katika mkono wa kikombe changu. Hakusema neno, nami sikuuliza. Sasa najua, na ninyi wanafunzi mjue, kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kupeana mikono. Husafiri katika hewa mgonjwa akohoapo ndani ya chumba kilichofungwa. Mama angefanya vizuri kufungua dirisha na kukiacha kikombe. Lakini dirisha alilifunga kwa sababu aliogopa baridi isinidhuru, maskini.

Kulikuwa na uzi mwekundu wa namna nyingine pale shuleni nilipofundisha. Mwalimu mwenzangu aliniona katika foleni ya watu wa kifua, na kesho yake kiti changu katika chumba cha walimu kikawa kimesogezwa karibu na mlango. Hakuna aliyenifukuza. Walisema tu kwamba pale napata hewa. Katika mwezi wa tatu wa dawa nilikuwa nimepata nguvu, kikohozi kimekwisha, uzito umerudi. Nikaona ya nini kuendelea kusimama katika foleni ile ya aibu? Nikaacha kwa muda wa wiki tano. Nikaanza tena, nikaacha tena.

Wasomaji wengi wamesikia kwamba mgonjwa anayekatiza dawa huwalea vijidudu sugu: vile dhaifu hufa, vile vilivyo na uwezo wa kuistahimili dawa hubaki na kuzaana. Ni kweli. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Watu wengi sana huvipata vijidudu sugu tayari, kwa kuvuta hewa aliyoikohoa mwingine, nao hawajawahi kukosa hata kidonge kimoja maishani mwao. Nimewaona wakilaumiwa kama mimi, hata mtoto wa miaka sita akiulizwa kwa nini hakumeza dawa zake. Kwa upande wangu yote mawili yawezekana. Nililala na lawama ile muda mrefu kuliko nilivyolala na ugonjwa.

Januari 2014 nikatapika damu mbele ya darasa la nne. Safari hii makohozi yangu yaliwekwa katika mashine iitwayo GeneXpert, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi hutambua kijidudu na kusema kama kinashindana na rifampisini, dawa iliyo nguzo ya matibabu ya kawaida. Kilikuwa kinashindana. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba isoniazidi nayo imeshindwa. Wakati ule matibabu ya ugonjwa wa namna hiyo yalikuwa miezi ishirini: sindano kwa miezi minane ya kwanza, siku sita kila wiki, pamoja na vidonge vingi kila siku mpaka mwisho. Nikahesabu kwa vidole. Nikianza Februari 2014, nitamaliza Oktoba 2015. Darasa langu la nne litakuwa limefika la tano bila mimi, tena mwaka karibu unakwisha.

Wodi yetu ilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, mbali na majengo mengine, yenye madirisha makubwa yasiyofungwa usiku wala mchana. Tulikuwa wagonjwa tisa. Walikuwamo Mganda, Mwacholi wawili, Mteso, Mkaramojong, mama mmoja kutoka Bunia katika Kongo, na wengine. Hapo ndipo Kiswahili nilichofundishwa hapa shuleni, ambacho wengi wetu tulikiona somo la kupita mtihani tu, kilipokuwa lugha yangu ya kila siku, maana hatukuwa na nyingine ya kutuunganisha. Walakini wenzangu walikicheka sana. Mwezi wa Machi alilazwa kitanda cha pili yangu taniboi mmoja wa malori, mtu wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa amesafiri kati ya Mombasa na Juba kwa miaka kumi na minane. Alinisikiliza kwa siku mbili, kisha akasema, "Mwalimu, Kiswahili yako ni ya redio. Sisi yetu ni ya barabara."

Mimi nilimwita Kaka, yeye aliniita Mwalimu. Hakujua kusoma. Alizijua tarakimu, alama za barabarani, na herufi za kwanza za majina ya miji. Ujumbe wa simu ukimfikia alinipa nimsomee, na mara nyingi ulikuwa ni wa mkewe aliyekuwa akiuliza fedha. Naye kwa upande wake alinifundisha omweso, akanishinda kila siku, hata nikaacha kuona haya kushindwa.

Kati ya vidonge vyetu palikuwa na dawa moja, saikloserini. Ni dawa yenye kufaa, ila kwa baadhi ya watu huvuruga akili: huleta huzuni nzito, ndoto mbaya, na hata kusikia sauti zisizokuwapo. Mimi nilisikia rimu. Usiku wa manane niliisikia ikipigwa, nikaamka kwa kuogopa kwamba nimechelewa na shule nzima imelala kwa kosa langu. Baadaye ikawa haipigwi tu, bali inanena, na mambo iliyonena sipendi kuyaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Inatosha niseme kwamba nilianza kupima kwa macho urefu wa kamba ya kuanikia nguo.

Sista alipita kila asubuhi akiuliza, "Umelalaje, Mwalimu?" Nami kila asubuhi nilijibu, "Salama, Sista." Niliamini kwamba nimerogwa, au kwamba nina wazimu wa ukoo, na katika mambo hayo mawili sikuona hata moja la kumwambia mtu. Kwamba ni dawa, jambo hilo halikunijia kabisa. Pengine niliambiwa siku ya kwanza, lakini siku ya kwanza mtu huambiwa mambo mengi, naye hasikii ila hilo neno ishirini.

Asubuhi moja, kabla sijajibu, Kaka akainuka kitandani mwake akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Sista, huyu hasemi kweli. Usiku analia, anasema na ukuta. Mimi nimesikia siku kumi na moja." Alikuwa amehesabu. Nilimkasirikia hata nikamgeuzia mgongo kwa wiki nzima, na omweso sikucheza. Siku ile ile daktari aliketi nami kwa muda mrefu, akapunguza kipimo cha dawa ile, akaongeza kidonge cha vitamini B6, akamwagiza Sista anihamishie kitanda karibu na meza yake. Baada ya siku kadhaa rimu ikanyamaza. Nimesema wiki nzima nilimgeuzia mgongo mtu aliyeniokoa. Ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hayo nikaanza kwenda kwenye mkutano wa Alhamisi. Mama mmoja mshauri, ambaye wote tulimwita Mama Mshauri, alitukusanya kila Alhamisi saa nne chini ya mwembe. Alichagua mwembe si kwa ajili ya uzuri wake, bali kwa sababu nje penye upepo vijidudu hutawanyika, hata yeye na wageni wakaweza kuketi nasi kwa salama, sisi tukiwa tumefunika pua na mdomo. Nilikuwa nimeukwepa mkutano ule kwa kudhani ni mahubiri. Haukuwa mahubiri. Siku ya kwanza aliuliza swali moja tu: "Nyumbani kwako nani anajua kwamba uko hapa?" Kati ya watu tisa waliinuka mikono mitatu.

Kazi kubwa ya mikutano ile, nikiitazama sasa, ilikuwa mambo madogo madogo. Mwenye nyumba ametishia kutupa vitu vya mgonjwa nje: barua ikaandikwa, nami ndiye nilikuwa mwandishi. Mama wa Bunia ana mtoto anayenyonya, naye hajui amwachie nani. Mzee Mteso ana mbuzi watano, na ndugu yake ameshauza wawili. Mtu anatapika vidonge kila akivimeza, na anaona haya kusema kwa kuwa atadhaniwa mkaidi. Mwenzake anamwonyesha jinsi ya kula kwanza uji mzito kidogo. Hospitali ilitoa unga na maharage, na kwa waliokwisha kurudi nyumbani ilitoa nauli ya kuja kliniki. Zamani ningecheka kama mtu angeniambia kwamba nauli ni dawa. Sisi tuliokaa pale tulijua nani atapona kwa kuangalia nani ana nauli.

Wazee wetu waliosoma hapa katika miaka ya 1950 wataikumbuka imani ya siku zile, kwamba mgonjwa wa kifua ni lazima atengwe mbali mlimani, apate kitanda, maziwa na hewa safi kwa miaka. Huko Madras katika India, tangu mwaka 1956, madaktari walijaribu jambo: wagonjwa wengine wakapelekwa katika hospitali maalum, wengine wakatibiwa katika vyumba vyao vya kimaskini, wamejazana na jamaa zao, wote kwa dawa zile zile. Matokeo yalitangazwa mwaka 1959. Waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na wenzao, na jamaa zao hawakuonekana kuambukizwa zaidi. Tokea hapo dawa ikaachiwa kazi yote. Na nchi zetu hizi zina sehemu yao katika sifa hiyo, maana majaribio ya kufupisha matibabu yakawa miezi sita yalifanywa pamoja katika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo yake ya kwanza yakachapwa mwaka 1972. Ni jambo la kujivunia, nami nashangaa kwamba hatukufundishwa katika somo la historia. Ila katika kushangilia vidonge, ilisahauliwa upesi kwamba kule Madras palikuwa na watu waliotumwa kwenda nyumba kwa nyumba kuwatazama wagonjwa.

Mama Mshauri alitusimulia pia habari za Carabayllo, mtaa wa maskini kaskazini ya mji wa Lima, katika Peru. Huko, tangu mwaka 1996, madaktari wachache na wafanyakazi wa mtaani walianza kuwatibu watu wenye kifua kikuu sugu ambao wakubwa wengi wa dunia walisema kuwatibu ni gharama kubwa mno kwa nchi maskini. Mtu wa mtaa ule ule alimwendea mgonjwa kila siku na dawa. Vikaanzishwa pia vikundi vya wagonjwa, pamoja na mwuguzi na daktari wa mambo ya akili, wakizungumza, wakienda matembezi, wakifanya sherehe mtu akimaliza dawa. Habari zilizochapwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba, katika wagonjwa wa kwanza waliofikisha miezi minne ya dawa, zaidi ya 8 kati ya 10 walielekea kupona. Kaka alisikiliza yote, kisha akauliza kama Peru kuna barabara ya lami. Mama Mshauri akasema ipo. "Basi," akasema, "sisi pia tutapona."

Lazima niseme neno juu ya wageni wangu. Mwezi wa Mei walikuja wanne kati ya wenzangu wa darasa hili hili la 2009, wamebeba sukari, mkate na gazeti. Watatu walisimama penye ukuta, wakapunga mkono, wakaondoka baada ya dakika tano. Siwalaumu, walisafiri mwendo mrefu. Wa nne alimwuliza Sista inafaa nini, akapewa kifuniko cha pua, akaja chini ya mwembe akaketi kwenye benchi langu mpaka saa nane. Hatukuzungumza jambo lolote la maana. Tuliwataja walimu mmoja mmoja na majina yao ya utani. Nilipolala usiku ule niliona kwamba kwa muda wa saa nne sikuwa mgonjwa, nilikuwa Kengele.

Na sasa nirudi kwenye mlio. Katika mwezi wa Julai niligundua kwamba ndege wa mwembeni wameacha kulia. Nikamwambia mama wa Bunia, "Ndege wamehama." Akanitazama, akanionyesha kwa kidole juu: mdomo wa ndege ulikuwa wazi, koo lake linatetemeka, wala mimi sisikii kitu. Ni ile sindano. Kanamaisini huua masikio polepole, ikianza na sauti nyembamba, na kinachokufa hakirudi. Daktari hakunificha. Alisema tukiiacha sasa ugonjwa waweza kurudi na nguvu. Tukiendelea, masikio yatazidi kwenda. Akaniuliza nataka nini. Nikachagua mapafu. Zilipokwisha sindano mwezi wa Oktoba, zaidi ya mia mbili, sikio la kulia lilikuwa limekwenda karibu lote, na la kushoto lilisikia sauti nene peke yake. Simu ikilia mfukoni niliijua kwa kutikisika tu, na nikiiweka sikioni nilisikia kama mtu anayesema ndani ya mtungi.

Jambo hili nililificha. Nilikuwa nimejifunza kusema chini ya mwembe juu ya aibu zote, lakini ya uziwi nilishindwa, kwa sababu mwalimu kiziwi ni mwalimu asiye na kazi.

Kaka aliruhusiwa kwenda mwezi wa Juni 2014. Alipanga chumba karibu na maegesho ya malori, akawa anachomwa sindano katika kituo cha afya cha hapo, na mara moja kwa mwezi anakuja kwetu kupimwa makohozi. Mwenye lori alikuwa amekwisha kumwajiri mwingine. Alifika kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, amevaa shati lake la kijani, ananishinda omweso, anarudi. Mnamo mwezi wa Novemba fedha za nauli zilichelewa. Desemba zikachelewa tena. Kaka alikuja Desemba kwa kudandia lori la wenziwe, akatuambia anadaiwa kodi ya miezi miwili na kwamba vidonge humpiga vibaya akivimeza bila chakula. Alisema haya akicheka. Tukacheka naye.

Alhamisi ya kwanza ya Januari 2015 hakuja. Mama Mshauri, ambaye siku ile alikuwa na wagonjwa wapya wanne, aliniita akasema, "Mwalimu, wewe ni rafiki yake. Mpigie simu leo ujue yuko wapi." Nikasema nitampigia. Nikaenda nyuma ya wodi, nikaishika simu, nikafikiri jinsi nitakavyosema na kuuliza na kusema tena "Ati?", na watu wakipita watasikia kwamba sisikii. Sikupiga. Nikamwandikia ujumbe: "Kaka, hukuja. Uko wapi? Njoo kesho, kuna chakula." Kisha nikarudi nikamwambia Mama Mshauri kwamba nimepiga na hapatikani.

Nilimwandikia ujumbe mtu asiyejua kusoma. Mimi, niliyemsomea jumbe zake miezi mitatu, kitanda kwa kitanda.

Habari ilitufikia Februari kwa kinywa cha taniboi mwingine. Alikufa chumbani mwake katika wiki ya tatu ya Januari. Majirani walikuwa wamedhani amesafiri na lori. Katika simu yake, alisema yule kijana, kulikuwa na ujumbe ambao aliwaomba watu wawili wamsomee: mmoja alikuwa mlevi, na mwingine alisema atarudi jioni. Sikujua kama ni wangu. Sikuuliza.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili, kisha Alhamisi moja nikalisema chini ya mwembe mbele ya watu wote, pamoja na habari ya masikio. Nilingoja wanifukuze. Mzee Mteso alikohoa, akatazama chini. Mama Mshauri alinyamaza muda mrefu, kisha akainuka, akaja upande wangu wa kushoto ambako bado nilisikia kidogo, akasema polepole na kwa nguvu, "Basi simu si kazi yako. Unajua kupanda baiskeli?"

Nilimaliza dawa zangu Oktoba 2015, makohozi yakiwa safi. Mama alinipikia kuku, akanimiminia chai katika kikombe chenye uzi, kisha akakumbuka, akakata uzi ule kwa meno mbele yangu. Darasani sikurudi. Natunza vitabu na hesabu katika shule nyingine, ambayo mkuu wake ni mtu mwema naye huzungumza nami kwa kunitazama usoni. Siku za Alhamisi huniruhusu. Naketi na wagonjwa wapya, nao huniuliza maswali ambayo hawathubutu kumwuliza daktari: kama watazaa, kama wataota ndoto mbaya, kama mke atangoja. Anayekosekana Alhamisi, mimi humfuata kwa baiskeli siku ile ile. Nimewahi kufukuzwa na mbwa, na mara moja na mume.

Mambo mengi yamebadilika, namshukuru Mungu. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba sindano ya kanamaisini isitumiwe tena, na mwaka 2022 likapendekeza matibabu ya miezi sita, ya vidonge vitupu, kwa wagonjwa wengi wa namna yetu: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Wagonjwa ninaoketi nao wakisikia kwamba mimi nilikunywa dawa miezi ishirini hunitazama kama mzee aliyepigana vita vya Wajerumani. Hata hivyo si kazi ndogo. Linezolidi huweza kufa ganzi miguu ya mtu, kupunguza damu, hata kudhuru macho, na lazima mgonjwa aseme mapema bila kuona haya. Miezi sita bila mshahara bado ni miezi sita. Viti bado husogezwa karibu na milango. Mwaka jana kijana wa kidato cha tatu, wa shule nisiyoitaja, alinisihi nisije kwao nikivaa kitambulisho cha kliniki. Nikaenda na kikapu cha mayai kama mchuuzi, nikamkuta, tukazungumza nyuma ya choo. Amemaliza dawa zake na amefanya mtihani.

Mwezi uliopita nilipita hapa shuleni kumwona mwalimu mmoja. Rimu ipo pale pale. Kiranja wa sasa, mtoto mdogo mwembamba, alinipa chuma nikapiga mara tatu. Nilisikia kishindo. Wanafunzi waligeuza nyuso zao wote pamoja kutazama, kwa hiyo najua ule mlio mwingine nao ulikuwapo.

Alhamisi hii walikuja watu kumi na mmoja, na mmoja amekosa. Anakaa ng'ambo ya stesheni ya treni, mwendo wa saa moja hivi, na mhariri ataniwia radhi nikikomea hapa, maana nataka nifike kabla jua halijachwa.